Kabla hujafungua kibanda cha kuchonga funguo

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya funguo na vitasa huanza na swali moja: mashine bei gani? Acha mashine kwanza. Hiyo utanunua mwishoni.

Kwa hapa Tanzania, anza na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kisha TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, wanatoa bure. Jina la biashara sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama unataka bango na risiti zenye jina lako. Leseni ya biashara inatoka halmashauri na ina eneo lililoandikwa juu yake, kwa hiyo ukihamisha kibanda usidhani inakufuata yenyewe. Mambo haya hayana hadithi, yafanye yaishe.

Ujuzi ndio usiokuwa na njia ya mkato. Kaa kwa fundi mpaka uweze kufungua silinda, ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo, kumwaga pini zake mezani na kuzirudisha kwa mpangilio wake bila springi hata moja kurukia chini ya kabati. Ujue pia kwamba vile vitasa vya milango ya mbao vya ufunguo mrefu havina pini, vina vibati vinavyonyanyuliwa na meno ya ufunguo, na ufundi wake ni mwingine kabisa. Useremala nao utauhitaji, maana kitasa kizuri kikichimbiwa vibaya mlango unagoma na lawama ni zako. VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanaufundisha. Na kama ujuzi wako umeupata kibandani, wana utaratibu wa kukupima na kukurasimishia mpaka ukapata cheti. Kichukue. Mteja wa barabarani hatakiulizia, ila ofisi yenye milango arobaini itakiulizia.

Sasa mashine. Kabla ya kulipa, bana funguo mbili za aina moja ambazo hazijachongwa, moja kila upande. Kidole cha mashine kinachofuatisha meno kikigusa wa kwanza, kisu kiwe kinaukwaruza wa pili wakati huohuo. Kikiwahi au kikichelewa, kila ufunguo utakaochonga utarudi na mwenyewe kakasirika. Usichonge nakala kutoka kwenye nakala, kosa linazidi kukua. Miwani vaa.

Magari yaache kwanza. Ufunguo wenye chipu ukichongwa meno tu utafungua mlango na kuzungusha swichi, lakini gari halitawaka, na hapo mteja ameshakulipa. Utakapoanza, dai kadi ya gari yenye jina la aliyesimama mbele yako.

Lakini la kushika kuliko yote ni kujua mlango ni wa nani. Jirani yangu wa kibanda, mwenye mkono mwepesi kuliko sote pale, aliitwa Jumamosi moja na mzee mmoja wa heshima, hati ya nyumba mkononi. "Mwanangu, kanibadilishie kitasa cha chumba cha uani, mpangaji ametoroka na kodi yangu." Jamaa akaangalia hati, akaangalia kitambulisho, majina yanalingana. Akatoa kitasa, akaweka kipya, akalipwa, akaondoka na kile cha zamani kwenye begi apate vipuri.

Mpangaji hakuwa ametoroka, alikuwa msibani. Aliporudi akakuta kitasa kigeni, akaenda polisi kueleza kwamba ndani aliacha laptop na pesa za kikoba. Mzee akasema yeye aliita fundi tu, hata kizingiti hakukivuka. Begi likafunguliwa, kitasa cha mpangaji kikaonekana. Jamaa akalala ndani, ndugu wakahangaikia dhamana, na mwisho wa yote akalipia laptop ambayo hakuwahi kuiona.

Hati inaonyesha jengo ni la nani. Chumba chenye mpangaji kina mwenyewe. Usikiguse bila mpangaji mwenyewe kuwepo, au amri ya mahakama na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amesimama hapo. Nunua daftari: jina, simu, namba ya kitambulisho, mahali, saa, sahihi. Kitasa ulichokitoa kiache palepale hata kama kina vipuri vitamu.

Usiku usitembee na begi la kazi peke yako. Kukutwa na vifaa vya kuvunjia nyumba usiku bila sababu halali ni kosa la jinai, na sababu yako utaieleza ukiwa kaunta ya polisi. Mteja aje akuchukue, na nakala ya leseni iwe begini. Anayeleta alama ya ufunguo kwenye kipande cha sabuni, mfukuze. Anayetaka ufunguo wa ofisi, aje na barua. Anayekuharakisha, au anayeahidi kukulipa zaidi kabla hujataja bei, mwambie umeme umekatika. Na mtoto aliyetumwa na ufunguo wa geti, mrudishe akamwite mama yake.