Somo la Mikokoni kwa Njia ya Michezo: Mwongozo kwa Darasa la Tatu hadi la Tano

Watoto wengi wa pwani huijua mikoko kwa boriti na kuni, ilhali hawajapata kuketi wakaitazama ikiwa hai. Katika somo hili mchezo hutangulia, na maelezo ya mwalimu hufuata baada ya watoto kubishana vya kutosha.

Hatua ya kwanza ni kuchagua siku kwa kufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani zile zinazokaribiana na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Fikeni maji yakiwa bado yanakupwa, na mwondoke mara yanapoanza kujaa.

Hatua ya pili, kagua mahali mapema ukiwa na mvuvi wa hapo. Kila mtoto avae viatu vinavyofunika nyayo, kwa sababu chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe.

Hatua ya tatu ni michezo yenyewe. Anza na mchu, mmoja wa miti ya mikoko: kila kundi litafute jani safi, lililambe kidogo, kisha lieleze chumvi ile imetoka wapi. Wapo watakaosema ni mawimbi. Waulize basi kwa nini majani ya juu, yasiyofikiwa na maji, nayo yana chumvi. Mti huu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, lakini usiharakishe kulisema hilo. Mwalimu asiyeutambua mchu kwa hakika aonyeshwe kwanza.

Kisha wekeni jani lililoanguka la mkoko karibu na tondo wakubwa, yaani konokono wa mikokoni, mkahesabu wangapi watalifikia na kuanza kulila. Mwisho chezeni sanamu: anayetikisika ametoka. Kaa waliojificha hutokeza tena watu wakitulia, na madume huonekana yakipunga gando moja kubwa.

Kuandika na kuchora kufanyike shuleni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, watoto wakitaka kwenda na kaa nyumbani, nifanyeje?*

Wamchore, kisha wamwache palepale. Vivyo hivyo matawi yasikatwe, maana mikoko inalindwa kisheria.

*Shikamoo mwalimu. Sisi tuko Dodoma, bahari hatuna. Tufanye nini?*

Marahaba. Tumieni kichuguu chenye mchwa hai. Toboeni tundu dogo, mrudi nyuma hatua chache, na kila mtoto akisie nani atatokea kwanza. Kwa kawaida askari wenye vichwa vikubwa hutangulia kulinda, na vibarua hufuata wakiziba kwa udongo uliolowa mate. Tundu moja linatosha kwa darasa zima.