Somo: Namna ya kuhesabu ndege wa Kaunti ya Baringo kwa siku moja

Kila ifikapo Machi huulizwa swali lile lile, kwamba mtu afanyeje ili aone aina nyingi za ndege katika kaunti nzima kabla ya jua kuzama. Nimeliandika jibu hapa ili tusilirudie tena.

Hatua ya 1. Chagua siku kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, maana wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanarudi kaskazini wakati huo, na kwera madume wameanza kuvaa manyoya ya msimu wa kuzaana.

Hatua ya 2. Beba darubini, daftari, kalamu, kofia na maji.

Hatua ya 3. Panga safari kwa kufuata saa za ndege, si kwa kufuata urahisi wa barabara. Hapa ndipo hesabu yangu iliwahi kuharibika, kwa sababu nilianzia ziwani. Ndege wa msituni huimba kwa nguvu alfajiri, na jua likishakuwa kali hunyamaza na kujificha, ilhali mnandi, mwari na korongo huonekana ziwani mchana kutwa. Kwa hiyo uwe kwenye misitu ya milima ya Tugen, upande wa Kabarnet, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kisha uteremke Marigat. Adhuhuri nenda kwenye majabali yaliyo karibu na Kampi ya Samaki, wakati hewa ya moto inapopanda na kuwainua tai, na utazame pia kama hondohondo wametua kwenye miamba. Maziwa yaachie alasiri. Angalia sana: usimwandike heroe kabla hujamwona, kwa maana akikosa chakula cha kutosha katika maji ya magadi ya Bogoria huhamia ziwa jingine.

Hatua ya 4. Kila mahali pawe na orodha yake. Ukitumia eBird, yaani mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, orodha ya mwendo (unayoiandika ukisafiri) isizidi kilomita 8, na ukivuka mpaka wa kaunti uanze orodha mpya.

Hatua ya 5. Ndege uliyemtambua kwa sauti anahesabiwa, uliyemkisia hahesabiwi.

Hatua ya 6. Jioni sikiliza bundi, lakini kaa mbali na ukingo wa Ziwa Baringo, kwa sababu viboko hutoka majini kwenda malishoni usiku.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikianza saa nne asubuhi kuna shida?

Jibu: Soma hatua ya 3.

Swali: Si afadhali kuwachezea ndege sauti zao kwenye simu ili wajitokeze haraka?

Jibu: Hapana, na sitabadili msimamo huu. Ndege anayelinda kiota huiacha kazi yake kuja kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na msimu huu ndio wengi wanapojenga.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ndege weupe wa ukingoni wananichanganya. Nimejaribu kuwatofautisha kwa ukubwa nikashindwa.

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza vizuri, na ukubwa kweli hudanganya ukiwa mbali. Tazama mdomo kwanza, halafu miguu. Yangeyange anayefuata ng'ombe ana mdomo wa manjano na shingo fupi. Yule mwembamba anayevua majini peke yake, mwenye mdomo mweusi, msubiri ainue mguu: mguu ni mweusi, lakini vidole ni vya manjano kabisa. Ukiviona, huhitaji alama nyingine. Akiwa amesimama ndani ya maji, usikate tamaa. Hutembea hatua chache na kuutikisa mguu topeni ili kuwashtua samaki.

Swali: Naomba kuongezea kuhusu darubini. Ya 8x42 inatosha?

Jibu: Inatosha sana. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10 hukuza zaidi, lakini mkono ukitetemeka picha nayo hutetemeka zaidi. Alasiri simama ukingo wa magharibi, jua liwe mgongoni kwako, la sivyo kila ndege wa majini ataonekana mweusi.