Somo: Kuitafuta Saa Sita ya Jua Mjini Kisumu kwa Fimbo na Kamba

Simu inapoonyesha saa sita kamili ya mchana hapa Kisumu, jua huwa bado halijafika kilele cha njia yake. Kwa wastani hukifikia baada ya dakika 41, na mtu yeyote anaweza kulithibitisha jambo hilo uani kwake.

Hatua ya kwanza. Chagua mahali tambarare pasipofikiwa na kivuli cha mti wala cha nyumba, kisha usimike fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja. Ipime kwa timazi ya mwashi kutoka pande mbili, kwa maana fimbo iliyoinama hata kidogo huharibu kipimo chote.

Hatua ya pili. Funga kamba kwenye shina la fimbo na uchore ardhini kwa msumari maduara matatu, yenye nusu kipenyo cha sentimita 60, 75 na 90. Moja lingetosha kama anga ya Kisumu ingeaminika, lakini mawingu hupenda kukusanyika alasiri, na duara moja likikosa jua lipo jingine.

Hatua ya tatu. Asubuhi kivuli huendelea kufupika. Ncha yake inapogusa duara, weka kokoto hapo na uandike saa. Alasiri kivuli hurefuka na kuligusa duara lilelile upande wa mashariki; andika tena.

Hatua ya nne. Tafuta katikati ya nyakati hizo mbili. Tuseme ni katikati ya Aprili, na ncha iligusa duara saa nne na dakika 20 asubuhi, kisha saa tisa na dakika 2 alasiri. Muda uliopita ni saa 4 na dakika 42, nusu yake ni saa 2 na dakika 21, kwa hiyo jua lilikuwa kileleni saa sita na dakika 41.

Chanzo cha tofauti hiyo ni mpango wa saa zetu. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo haipiti Kenya hata kidogo, kwani hata Mandera iko magharibi yake. Kisumu iko karibu na nyuzi 34.75, tofauti ya nyuzi 10.25 ukiizidisha kwa 4 hupata dakika 41. Hata hivyo, kwa kuwa Dunia imeinama nyuzi 23.4 na njia yake ya kulizunguka Jua si duara kamili, kilele husogea: mwanzoni mwa Novemba huwa saa sita na dakika 25, na katikati ya Februari saa sita na dakika 55.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Maseno: Mwalimu, ni siku gani kivuli hupotea kabisa?

Jibu: Kwenu, ambako ikweta inapita, ni tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba. Machi tazama mnamo saa sita na dakika 48, Septemba saa sita na dakika 33.

Mwanachama wa Kondele: Je, ratiba ya swala ya Mombasa inafaa huku?

Jibu: Haifai. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na huku hupinduka dakika 20 hivi baada ya Mombasa.

Mwanachama wa Dunga: Sisi wavuvi wa omena hupumzika mwezi unapokuwa mpevu kwa sababu taa zetu hazivuti samaki. Kwa nini giza hurudi kwanza jioni, wala si alfajiri?

Jibu: Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, kwa kuwa umekaa upande wa pili wa Dunia. Kila siku husogea mbele katika mzunguko wake, hivyo huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi, na kipindi cha giza la jioni hurefuka usiku hadi usiku. Msiziweke siku zenu za mapumziko kwa tarehe za kalenda ya ukutani: mwezi hurudia sura yake kila baada ya siku 29.5, na miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11.