Jinsi ya kuandika maisha ya mwenye sinema alieanza na mikono mitupu

Kama kuna mzee kwenye familia yenu, au mtu unaemfahamu, aliefungua sinema bila kurithi kitu, akapata, alafu zile pesa akazirudisha kwa watu, nenda kakae nae sasa hivi. Wengi wetu tunashika kalamu mtu akishafariki, na hapo unabaki na picha za kukata utepe na vyeti vya shukrani, ambavyo haviwezi kukuambia alilalaje ile siku ukumbi ulikuwa na watu wanne.

Usianze na kuzaliwa, anza na chumba cha projekta. Muombe akusimulie usiku mmoja tu wa kazi, toka kufungua geti mpaka kuzima taa. Kama alifanya kazi enzi za mkanda wa milimita 35 utapata mengi, kwa sababu ule mkanda unapitisha picha 24 kila sekunde na rili kubwa, yaani gurudumu la mkanda, ya futi 2,000 inaisha kwa dakika 22 hivi, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni rili sita kwenda juu, na opereta mwenye projekta mbili ilibidi akodolee macho kona ya juu kulia ya skrini, kuna kialama cha duara kinatokea pale, cha kwanza anawasha mota ya projekta ya pili, cha pili kikija sekunde chache baadae anahamisha picha, na akichelewa tu ukumbi mzima unapiga miluzi.

Mzee niliemuandika mimi nilimuuliza habari za utoto siku mbili nzima akanijibu kwa mkato, ndio, hapana, sikumbuki. Siku ya tatu nikampelekea kipande cha mkanda wa zamani. Akakishika pembeni kwa vidole viwili bila kugusa picha, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye yale matundu ya pembeni, akasema "huu umepita kwenye mashine mbovu." Baada ya hapo aliongea mpaka giza likaingia, na humo humo ndo akataja kwamba alianza kwa kufagia ukumbi na kujifunza projekta kwa kumbebea opereta rili kwenye ngazi. Kwa hiyo nenda na kitu cha kushika, tiketi ya zamani, bango, funguo, chochote.

Alafu uliza pesa, na usione aibu. Wasomaji wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya hela ya tiketi, hasa wiki za mwanzo, inakwenda kwa msambazaji wa filamu, na mwenye ukumbi anapumulia kwenye bisi na soda. Ukishajua hilo utauliza swali ambalo kwangu mimi ndo muhimu kuliko yote: nani alikuwa anakaanga bisi? Mara nyingi jibu ni mke wake, au dada, au mtoto aliekuwa anatoka shule anapitiliza kaunta, na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Tunapenda kusema fulani kajijenga mwenyewe, lakini ukifuata hela ya bisi unawakuta watu waliomjenga, na hao wahoji pia, kila mmoja peke yake.

Swali lingine ni filamu alizipata wapi. Mwenye ukumbi siku zote ana njaa ya filamu. Marcus Loew alizaliwa New York mwaka 1870 kwenye familia maskini, akauza magazeti akiwa mtoto, akafanya biashara ya manyoya, akaingia kwenye vibanda vya burudani vya senti moja, akaja kuwa na majumba mengi ya sinema, na hata studio ya filamu ya MGM ya mwaka 1924 ilitokana na yeye kutafuta filamu za kulisha majumba yake. Kama mtu wako alikuwa Marekani, mchunguze kabla na baada ya 1948, maana mwaka ule Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya serikali dhidi ya studio ya Paramount na wenzake, na studio kubwa zikaanza kulazimika kuachana na majumba yao. Na kama alifika enzi za dijitali, muulize ile siku ya kutoa projekta ya zamani ilikuwaje na mashine iko wapi leo, kuna wanaolia hapo, mpe muda.

Upande wa kutoa misaada ndo unaoharibika kirahisi, unageuka orodha ya sifa. Run Run Shaw, alieendesha na kaka yake majumba ya sinema Singapore na Malaya, ukimtafuta unampata haraka, kuna Tuzo ya Shaw ya wanasayansi iliyoanza kutolewa 2004 na majengo kibao ya vyuo vikuu Uchina yenye jina lake, alifariki 2014 akiwa na miaka 106. Wa kwako pengine alilipa ada za watoto kimya kimya au aliazima ukumbi bure asubuhi kwa mikutano. Tafuta risiti, tafuta daftari, ongea na waliopokea, ila usiandike majina yao bila wao kukubali, umaskini wa mtu sio pambo la hadithi yako. Muulize pia aliwahi kumnyima nani na kwa nini, na kama kuna mfanyakazi aliecheleweshewa mshahara huku yeye anatoa msaada nje, liandike hilo, msomaji atamuamini zaidi.

Ukimaliza msomee kwa sauti, ikiwezekana ndani ya ukumbi wenyewe hata kama sasa ni ghala. Mimi nilimsomea wangu kurasa 40, akasikiliza kafumba macho, alafu akaomba karatasi na penseli. Alikata sentensi moja tu, ile iliyosema alianzisha sinema peke yake, na pembeni akaandika jina la mwanamke aliekuwa anakata tiketi mlangoni.