Kabla ya kupasuliwa ngiri: mambo ya kujua ukiwa bado nyumbani

Madaktari huuhesabu upasuaji wa ngiri ya kinena kuwa mdogo na wa kawaida, na pengine ndiyo maana wagonjwa wengi hupanda kitandani bila kuuliza lolote. Kabla hujafikiria nauli na nguo za kubadilisha, hakikisha unaweza kujibu mwenyewe, kwa kinywa chako: unapasuliwa nini, upande upi, na kwa nini?

Swali hilo utaulizwa kweli ukifika. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya ukaguzi wa usalama yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi au ganzi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele cha kwanza kabisa ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha jina lake, sehemu ya mwili, aina ya upasuaji na ridhaa yake. Mgonjwa anayejua mwili wake humsaidia daktari asikosee. Anayeitikia tu kila kitu hawezi kumsaidia.

Basi tuanze na mwili. Ukuta wa tumbo umetengenezwa kwa tabaka za misuli na nyama ngumu nyeupe inayozishikilia. Mtoto wa kiume anapoumbwa, korodani zake huanzia juu tumboni, karibu na figo, kisha hushuka hadi kwenye mfuko wake, kwa kawaida kabla hajazaliwa. Katika kushuka hupita kinenani, na njia hiyo hubaki kuwa sehemu dhaifu ya ukuta maisha yote. Ndiyo sababu wanaume huugua ngiri hii mara nyingi zaidi kuliko wanawake. Udhaifu ukizidi, utumbo au mafuta yanayoufunika husukumwa nje ya ukuta na kufanya uvimbe chini ya ngozi. Ukilala chali uvimbe hurudi ndani. Ukisimama, ukikohoa au ukinyanyua gunia, unatokeza tena.

Kwa mtu mzima, tundu hilo halizibwi na kidonge wala mzizi wa kuchemsha. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nguzo za umeme mitaani zimejaa matangazo ya dawa za ngiri, na mara nyingi tangazo hilohilo huahidi pia nguvu za kiume. Watu huchanganyiwa maradhi mawili tofauti, wanalipa, na tundu linazidi kupanuka. Kitovu cha mtoto mchanga ni habari nyingine: ngiri ya pale mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto anapokua.

Hakikisha pia kwamba ulicho nacho ni ngiri. Huku pwani kuna busha, yaani maji yanayojaa kuzunguka korodani, ambalo mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Nalo hupasuliwa, lakini kwa namna nyingine. Muulize daktari waziwazi: "Hii ni ngiri au busha? Na upande wa pili ni mzima?"

Kuna jambo moja halisubiri tarehe ya miadi. Uvimbe uliozoea kurudi ndani ukigoma, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, ukaanza kutapika, tumbo likajaa, ukashindwa kutoa upepo au choo, utumbo umebanwa na huenda damu haiufikii. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usikubali mtu ausukume kwa nguvu nyumbani.

Kama hali ni tulivu, tumia siku za kusubiri vizuri. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, na kujikamua wakati wa kukojoa kwa sababu ya tezi dume, vyote husukuma ukuta uleule utakaoshonwa, kwa hiyo vitibiwe kwanza. Ukivuta sigara, acha mapema. Wiki nne au zaidi bila sigara hupunguza madhara ya kidonda na ya mapafu. Dawa zote unazotumia, ziwe za presha, za kisukari, za kuyeyusha damu kama aspirini na wafarini, au za kienyeji, ziweke kwenye mfuko mmoja na umwonyeshe daktari. Usiache wala kuendelea kwa uamuzi wako. Nyingine husimamishwa, nyingine humezwa asubuhi ileile kwa funda la maji. Mtaje pia ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi, mzio wowote, na kama una selimundu.

Kuhusu kufunga kula, fuata muda uliopewa na hospitali yako. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Chai ya maziwa ihesabu kama chakula, na uji ni chakula. Sababu yake ni kwamba mtu aliyelazwa usingizi hupoteza uwezo wa kulinda koo, na kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Hata ukiambiwa utachomwa ganzi ya mgongoni tu, funga vilevile, kwani mpango unaweza kubadilika ukiwa mezani. Ukila kwa kusahau, sema. Kuahirishwa kunaudhi, lakini kuficha kunaweza kuua.

Oga kwa sabuni. Usijinyoe kinena kwa wembe nyumbani, maana mikwaruzo midogo hukaribisha vijidudu; ikihitajika nywele zitapunguzwa hukohuko kwa mashine. Akina dada, ngiri huwapata nanyi pia: rangi nzito ya kucha na piko kwenye vidole huweza kuvuruga kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, kwa hiyo acheni angalau vidole viwili vitupu.

Fomu ya ridhaa usiisaini ukiwa tayari umeshachomwa dawa ya kulegeza. Isome, au usomewe, siku ya kliniki. Uliza kama utawekewa wavu wa kuimarisha ukuta au utashonwa kwa nyuzi tu. Wavu hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Bei yake ikikutisha, jua kwamba utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanaume 302: wengine waliwekewa wavu wa kibiashara, wengine wavu wa bei nafuu wa aina inayotengenezewa vyandarua, uliotakaswa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana sana. Ulizia pia madhara: kidonda kupata usaha, damu kuvilia, maumivu ya kinena yasiyoisha, korodani kudhurika.

Wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile, kwa hiyo panga gari na mtu wa kukushika mkono. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo siku hiyo ni mateso. Kama riziki yako ni kubeba mizigo au kulima, muulize daktari ni wiki ngapi utakaa bila kunyanyua, uzungumze na tajiri wako au familia kabla, na uweke akiba ya chakula ya muda huo. Michubuko na uvimbe kidogo wa mfuko wa korodani siku za mwanzo ni vya kawaida. Homa, usaha, kidonda kuvuja damu au kushindwa kukojoa, rudi hospitali bila kungoja siku ya kutoa nyuzi.