Kazi za Seli na Utunzaji wa Miche, Vikonyo na Kiwele

Mmea unaotokana na mbegu huanza ukiwa seli moja, na ndivyo aanzavyo ng'ombe. Seli hiyo hugawanyika mara nyingi, na karibu seli zote zinazotokana nayo hubeba jeni zilezile, yaani maelekezo yaleyale ya urithi. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimezimwa katika kila seli. Mkulima anapaswa kulifahamu jambo hili, kwa kuwa hasara nyingi za kitaluni na zizini hutokana na kuharibika kwa seli ambazo kazi yake haiwezi kufanywa na nyingine.

Katika mche, kazi kubwa ya kunyonya maji hufanywa na vinyweleo vya mizizi. Kila kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyorefuka na kupenya kati ya chembe za udongo, nayo hukatika kirahisi mche unapovutwa. Mche uliopoteza vinyweleo hunyauka hata udongo ukiwa umelowa, kwa sababu majani yanaendelea kupoteza maji kupitia vitundu vidogo ambavyo kila kimoja hufunguliwa na kufungwa na jozi ya seli linzi. Mwagilia kitalu saa chache kabla ya kuhamisha, inua mche pamoja na udongo wake, na upande jioni au siku ya mawingu.

Kwa wanaobebesha miti ya matunda, yaani kuunga kikonyo (kitawi cha mti unaotakiwa) kwenye shina la mti mwingine, seli za kuangaliwa ni zile za kambiamu, tabaka jembamba lililo kati ya gome na sehemu ngumu ya ndani ya shina. Hizi hazijapewa kazi maalumu bado: upande wa ndani huzalisha zailemu inayopandisha maji, na upande wa nje floemu inayosafirisha sukari. Kikonyo hushika pale tu kambiamu yake inapogusana na ya shina, hivyo kikiwa chembamba kuliko shina, kilinganishwe na ukingo mmoja, kisiwekwe katikati. Nasisitiza hili kuliko hata ubora wa kamba ya kufungia. Kisu nacho kiwe kikali, maana kisu butu huzisaga seli zinazotakiwa kuunga jeraha.

Seli nyingi hai za mmea zinaweza kurudi kugawanyika na kuchukua kazi mpya, na ndiyo sababu kipande cha shina la muhogo huota mizizi. Seli za mnyama zilizokwisha kuchukua kazi yake kwa kawaida hazina uwezo huo.

Ndani ya kiwele, seli zinazotengeneza maziwa zimezunguka vifuko vidogo sana na huchota malighafi kutoka kwenye damu. Bakteria wa ugonjwa wa kiwele wakiziharibu kwa wingi, mahali pake huweza kujaa tishu ya kovu isiyotoa maziwa, na robo hiyo ya kiwele (kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne, kila moja na chuchu yake) ikapungukiwa maziwa au kukauka kabisa. Safisha na kukausha chuchu kabla ya kukamua, chunguza michirizi ya kwanza kama ina mabonge, na chovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda na bakteria waweza kuingia, kwa hiyo mpe ng'ombe chakula mara tu unapomaliza ili asilale chini. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho, na daktari wa mifugo aitwe siku ileile mabonge yanapoonekana.