Mbwa wako analala wapi mwezi wa saba?

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 hivi, na kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa nane baridi ya usiku inauma. Mchana jua linafika nyuzi 25 na watu wanavua masweta. Alfajiri kipimo kimeshuka chini ya 10. Sisi tunajifunika blanketi mbili. Mbwa anayetulindia lupango, yaani uwanja wa nyumba, amelala juu ya saruji.

Nafuga mbwa hapa Katuba, mama na watoto wake, pamoja na paka mmoja. Haya ndiyo ninayowaambia majirani kila kiangazi wakiniuliza mbona mbwa wao anatetemeka.

Anza chini. Watu wengi wanahangaika na paa, kumbe sakafu ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku kucha. Inua kibanda kwa matofali kwenye pembe nne, weka mbao, halafu jaza nyasi kavu, nyingi, zimfike mbwa tumboni akisimama. Nyasi zinashinda blanketi. Blanketi likishika umande au mkojo halikauki hadi mchana, na mnyama analalia maji. Kwenye nyasi anazunguka, anachimba, anajizika, na hewa iliyonaswa kati ya majani inamtunzia joto lake mwenyewe. Zikate mapema, kabla moto wa porini haujazimaliza. Kila baada ya siku chache ingiza mkono mpaka chini kabisa, finya: ukisikia ubichi, toa zote, anika juani, au weka mpya.

Kibanda kisiwe kikubwa. Aingie, ageuke, alale, basi. Nafasi inayobaki ni ya baridi. Upepo wa kiangazi hapa kwetu unatoka kusini-mashariki, na jua la miezi hii linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mlango utazame kaskazini, na uninginize kipande cha gunia. Wanaotumia pipa la chuma walilaze juu ya matofali na kulitandika makartoni ndani kabla ya nyasi, maana chuma kinapoa haraka na kutoa jasho.

Na mbabula, jiko la makaa! Nawasihi, msiiingize kwenye kibanda, wala kwenye chumba cha kupikia kilichofungwa ambamo mbwa amelala na watoto wake. Hewa yenye sumu ya makaa haina harufu, inaua mnyama kama inavyoua mtu. Chukua bidoni (dumu) ya lita 5, tia maji ya moto, funga vizuri, izungushie kikwembe (kitenge), iweke upande mmoja tu ili anayesikia joto sana asogee.

Watoto wachanga wa mbwa ndio wa kuogopewa zaidi. Wiki ya kwanza hawajui hata kutetemeka. Joto lao ni la mama na la ndugu zao. Ukikuta mmoja ametengwa, amepoa, usikimbilie kumpa maziwa. Tumbo lililopoa haliwezi kuyasaga, na anaweza kupaliwa. Mweke kwanza kifuani, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, apate joto polepole. Akianza kutafuta chuchu mwenyewe, mrudishe kwa mama.

Mbwa wa nje aongezewe chakula cha jioni, bukari (ugali) na samaki, ya vuguvugu. Kuogesha ni saa sita mchana, na umkaushe mpaka ngozini. Mbwa mzee ambaye viungo vinamkaza alale ndani, jikoni panatosha.

Paka anafuata joto la injini. Asubuhi gonga kapo (boneti) ya gari kabla ya kuwasha. Maji ya rangi ya radiata yakimwagika, yafute mara moja: yana utamu, na aina nyingi zinaharibu figo.

Kutetemeka maana yake mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, akalegea, fizi zikapauka, ni hatari. Mkaushe, mfunike, weka bidoni iliyofungwa kitambaa karibu na tumbo, usimsogeze motoni, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo wataalamu hapa mjini wapo. Mpeleke kwa teksi, amefunikwa, si kwa pikipiki upepo ukimpiga.